Limevimba, Limechubuka, au Lina Kidonda?

Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari kuhusu kupima tumbo kwa endoskopi



Leo tuzungumzie tumbo. Najua wengine mmeshaanza kucheka, na si vibaya, chekeni. Lakini nina maswali mawili, na kila mmoja ajijibu mwenyewe moyoni. La kwanza: umewahi kusikia mara ngapi mtu akisema, "Mimi nina vidonda vya tumbo"? Bwenini wapo. Nyumbani yupo mjomba au shangazi. Huyu hali maharage, yule hanywi chai ya rangi, mwingine analala na pakiti ya vidonge chini ya mto. La pili: kati ya hao wote, ni wangapi ambao tumbo lao limewahi kutazamwa kwa ndani?

Hapo ndipo penye tatizo. Wengi wamepewa jina la ugonjwa bila mtu yeyote kuona kitu. Wengine wamejipa wenyewe. Na jina likishakaa, linakaa miaka. Mtu ananunua dawa leo, ananunua kesho, pesa ya familia inakwisha, na ugonjwa wenyewe pengine si huo. Mbaya zaidi, anaweza kuwa na ugonjwa wa hatari kabisa, naye anautuliza kwa vidonge vya dukani.

Kwa hiyo leo nataka ujue jambo moja tu, lakini ulijue vizuri: wataalamu wanatazamaje ndani ya tumbo, na wanagawaje kile wanachokiona katika aina mbalimbali. Ukilijua hili, hutadanganywa kirahisi, wala hutajidanganya.

TUMBO NI NENO KUBWA

Katika Kiswahili chetu, tumbo ni kila kitu kuanzia chini ya mbavu hadi kwenye nyonga. Mwenye kuhara anasema tumbo. Msichana aliye katika siku zake anasema tumbo. Mwenye minyoo anasema tumbo. Basi ukimwambia mganga "tumbo linauma", bado hujamwambia mengi.

Leo ninazungumzia mfuko wa chakula, ule mliouchora kwenye daftari la baiolojia. Umelalia upande wa kushoto, juu ya kitovu. Chakula kinaingia kwa juu kutoka kwenye umio. Katikati kuna sehemu pana, tuiite mwili wa mfuko. Humo ndimo seli zinazotoa asidi ya haidrokloriki zilimo kwa wingi. Chini kuna sehemu nyembamba iitwayo antramu, jina lenye asili ya Kigiriki lenye maana ya pango. Na mwisho kabisa kuna mlango uitwao pailorasi, nalo ni neno la Kigiriki, maana yake bawabu. Ndiye anayeruhusu chakula kutoka kidogo kidogo kwenda kwenye utumbo mwembamba.

Sasa fikiri: asidi ile ina nguvu ya kuyeyusha nyama. Kwa nini haiyeyushi mfuko wenyewe? Ni kwa sababu ndani ya mfuko kuna utando laini unaotoa ute mzito. Ute ule unaufunika ukuta wote. Tena seli za juu za utando huo hufa na kubadilishwa na mpya kila baada ya siku chache. Utando huo ndio habari yetu ya leo.

MAMBO MATATU, MAJINA MATATU

Chukua mfano wa ukuta wa nyumba uliopigwa lipu na kupakwa rangi.

Mvua ikipenya, lipu inalowa na kuvimba. Haijabanduka, lakini si nzima. Huko ndiko KUVIMBA kwa utando wa tumbo, ugonjwa ambao madaktari huuita gastritisi.

Ukiukwaruza ukuta kwa kiti, rangi na lipu ya juu inatoka, lakini tofali halijaonekana. Huo ni MCHUBUKO. Umeishia ndani ya utando tu.

Sasa mtu akichimba mpaka tofali likaonekana, hapo pana shimo. Hicho ndicho KIDONDA. Kimepita utando na kuingia katika tabaka za chini, mahali penye mishipa mikubwa zaidi ya damu. Ndiyo maana kidonda huweza kutoa damu nyingi. Na kikiendelea kuchimba hadi upande wa pili, ukuta unatoboka. Hiyo ni dharura ya kupasuliwa.

Unaona? Mtu mwenye kuvimba, mwenye mchubuko na mwenye kidonda wote wanaweza kusema maneno yale yale: "Linaniuma hapa, linaunguza." Kwa maneno tu huwezi kuwatofautisha. Ni lazima kuangalia.

WATU WALIANZAJE KUANGALIA?

Mwaka 1822, huko Marekani, kijana mmoja aitwaye Alexis St. Martin alipigwa risasi ubavuni kwa bahati mbaya. Alipona, lakini tundu la kuingia tumboni halikuziba maisha yake yote. Daktari wake, William Beaumont, alilitumia tundu hilo kuchungulia ndani, na mwaka 1833 akachapisha kitabu kuhusu aliyoyaona. Aliona utando ukiwa mwekundu na wenye madoa baada ya St. Martin kunywa pombe kwa wingi. Na jambo la kushangaza ni kwamba mara nyingine utando ulikuwa katika hali mbaya, naye St. Martin hakulalamika maumivu yoyote. Lishike hilo, tutalirudia.

Lakini huwezi kumtoboa kila mgonjwa. Mwaka 1868, daktari wa Kijerumani aitwaye Adolf Kussmaul alimtumia mtu wa maonyesho aliyezoea kumeza mapanga, akamtia bomba lililonyooka mpaka tumboni. Bomba liliingia, ila mwanga haukutosha. Mwaka 1932 Rudolf Schindler akatumia bomba lililoweza kujipinda kidogo. Kisha mwaka 1957 Basil Hirschowitz, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa akifanya kazi Marekani, akaja na mpira laini wenye nyuzi nyembamba sana za kioo zinazopitisha mwanga hata zikipindwa. Kabla ya kumtia mgonjwa, aliumeza yeye mwenyewe. Siku hizi badala ya nyuzi hizo kuna kamera ndogo kwenye ncha, na picha inaonekana kwenye skrini.

Kipimo hicho ndicho endoskopi. Wagonjwa wengi hukiita "kumeza mpira". Hapa kwetu hufanyika katika hospitali kubwa, kwa mfano Muhimbili jijini Dar es Salaam na Bugando jijini Mwanza.

Je, kinatisha? Kinasumbua, siwezi kusema uongo, lakini hakitishi kama watu wanavyosimulia. Unafunga kula kwa muda wa saa 6 au zaidi ili tumbo liwe tupu. Unapuliziwa dawa ya ganzi kooni. Wengine hupewa sindano ya kuwatuliza, na hao ni lazima wawe na mtu wa kuwasindikiza nyumbani. Unalala kwa ubavu wa kushoto, unang'ata kidude cha plastiki kinacholinda meno, halafu mpira unene kama wa kidole chako unapita. Unapumua kama kawaida, maana mpira uko kwenye njia ya chakula, si ya hewa. Mpimaji hupuliza hewa ili mfuko utanuke, mikunjo ifunguke, aone kila pembe. Kwa kawaida ni dakika chache tu, mnamaliza.

KILA DAKTARI NA JINA LAKE

Haya, mpimaji ameona. Sasa atasemaje?

Kwa miaka mingi hilo lilikuwa tatizo kubwa. Schindler, mwaka 1947, aliigawa gastritisi ya muda mrefu katika mafungu kama kuvimba kwa juu juu, utando kusinyaa, na utando kunenepa. Mwaka 1973 Strickland na Mackay wakagawa kwa herufi, A na B, kufuatana na mahali ugonjwa ulipokaa. Wengine wakawa na majina mengine. Mgonjwa mmoja akipimwa na madaktari wawili, alipata majina mawili. Ni kama soko ambalo kila muuzaji ana kibaba chake: huwezi kulinganisha bei.

Mwaka 1990, katika mkutano wa dunia wa madaktari wa tumbo uliofanyika Sydney, Australia, kamati ya wataalamu ilileta kibaba kimoja. Kikaitwa Mfumo wa Sydney. Mwaka 1994 wataalamu walikutana tena Houston, Marekani, wakaurekebisha, na marekebisho hayo yakachapishwa mwaka 1996. Mambo yake makuu nitakueleza sasa hivi. Yaandike, kwa sababu siku moja unaweza kushika ripoti ya mama yako na ukawa wewe ndiye wa kuisoma.

Mpimaji anatakiwa kujibu maswali matatu.

Swali la kwanza: WAPI? Je, ni kwenye antramu tu, kwenye mwili wa mfuko tu, au mfuko mzima? Usidharau swali hili. Bakteria wa tumbo, tutawaona baadaye, mara nyingi huanzia kwenye antramu. Lakini kuna gastritisi nyingine ambayo kinga ya mwili inakosea na kushambulia seli za mwili wa mfuko na kuiacha antramu. Seli hizo hizo hutengeneza kitu kinachosaidia mwili kufyonza vitamini B12. Zikiharibika, mtu hupungukiwa damu. Kwa hiyo mahali penyewe panakwambia chanzo.

Swali la pili: SURA GANI? Hapa mfumo unataja aina saba:

1. Ya wekundu. Utando una mabaka mekundu, pengine na ute mweupe juu yake.

2. Ya michubuko bapa. Mikwaruzo midogo iliyolala sawa na utando.

3. Ya michubuko iliyoinuka. Inafanana na vipele vyenye kishimo juu.

4. Ya kusinyaa. Utando umekonda, mikunjo imepungua, na mishipa ya damu inaonekana kwa chini, kama unavyoiona kwenye mgongo wa mkono wa bibi kizee.

5. Ya kuvuja damu. Madoa au vijidoa vya damu ndani ya utando, au damu inayochuruzika.

6. Ya nyongo kurudi. Nyongo ya kijani au njano imepanda kutoka utumbo mwembamba, na utando umekuwa mwekundu.

7. Ya mikunjo minene. Mikunjo imenenepa na hailali hata mfuko ukijazwa hewa.

Swali la tatu: KALI KIASI GANI? Kidogo, wastani, au kali sana.

Basi ripoti nzuri haisemi "ana vidonda" na kunyamaza. Inasema, kwa mfano, "gastritisi ya michubuko bapa, kwenye antramu, ukali wa wastani." Mwenye kuisoma Moshi na mwenye kuisoma Mombasa wanaelewa kitu kimoja.

JICHO HALITOSHI

Sasa sikiliza vizuri, hapa ndipo wengi wanapokosea.

Unamkumbuka St. Martin? Utando mbaya, maumivu hakuna. Kinyume chake kipo pia: mtu analia kwa maumivu, mpira unaingia, utando safi. Na kuna la tatu: kamera inaona wekundu, lakini kipande kikichunguzwa maabara hakuna uvimbe wowote. Au kamera haioni kitu, na maabara inakuta utando wote umevimba. Yaani maumivu, sura na ukweli wa ndani ya seli ni mashahidi watatu ambao hawakubaliani kila mara.

Ndiyo maana Mfumo wa Sydney haukuishia kwenye macho. Unataka vinyofu. Kupitia tundu lililomo ndani ya mpira, mpimaji hupitisha kikoleo kidogo na kunyofoa vipande vidogo sana vya utando. Haiumi, usiogope. Marekebisho ya Houston yanataka vinyofu 5: viwili vya antramu, viwili vya mwili wa mfuko, na kimoja cha kwenye kona iliyo kati ya sehemu hizo mbili. Kwa nini vitano? Kwa sababu ugonjwa hukaa kwa mabaka. Ukionja chumvi upande mmoja wa sufuria ambayo haijakorogwa, utadanganyika.

Maabara, mtaalamu huvitazama kwa hadubini na kutoa alama kwa mambo matano: uvimbe wa muda mrefu, uvimbe unaoendelea sasa, kusinyaa kwa utando, seli za tumbo kubadilika zikafanana na za utumbo, na kuwapo kwa bakteria. Mawili kati ya hayo, yaani kusinyaa na kubadilika kwa seli, ndiyo yanayotazamwa kwa makini zaidi, kwa sababu ni hatua ambazo saratani ya tumbo inaweza kupitia baada ya miaka mingi. Si kila mwenye nazo atapata saratani, la hasha. Wengi hawapati. Lakini anayejulikana anaweza kufuatiliwa.

MTU ALIYEKUNYWA BAKTERIA

Bakteria gani hao? Zamani ilifundishwa kwamba ndani ya asidi ya tumbo hakuna kiumbe kinachoweza kuishi. Vidonda vya tumbo vikalaumiwa kwa mawazo, hasira na pilipili.

Mwaka 1979, katika mji wa Perth, Australia, Robin Warren alikuwa akichunguza vinyofu vya tumbo kwa hadubini. Akaona vijidudu vilivyojipinda juu ya utando uliovimba. Baadaye akaungana na daktari kijana, Barry Marshall. Walijaribu kuviotesha maabara, havikuota. Wakati wa Pasaka ya mwaka 1982 vyombo viliachwa siku nyingi kuliko kawaida kwa sababu ya sikukuu. Waliporudi, vimeota! Kumbe vilikuwa vinahitaji muda zaidi.

Wengi hawakuwaamini. Mwaka 1984 Marshall alikubali kwanza kupimwa kwa endoskopi, na tumbo lake likaonekana zima. Kisha akanywa mchanganyiko wenye bakteria hao. Baada ya siku chache akaanza kutapika na kunuka mdomo. Alipopimwa tena, utando ulikuwa umevimba. Angalia neno hilo: umevimba. Hakupata kidonda, alipata gastritisi. Kwa kuwa alitazamwa kabla na baada, alikuwa na ushahidi na si hadithi. Mwaka 2005 yeye na Warren walipewa Tuzo ya Nobel.

Bakteria huyo anaitwa Helicobacter pylori. Karibu nusu ya watu duniani wanaye, na wengi humpata utotoni. Wengi hawaumwi kamwe. Lakini kwa wengine huleta kidonda, na kwa wachache, miaka mingi baadaye, saratani. Mwaka 1994 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilimweka katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Na mkutano wa wataalamu wa Kyoto, Japani, ambao makubaliano yake yalichapishwa mwaka 2015, ulisema gastritisi inayoletwa na bakteria huyu ihesabiwe kuwa ugonjwa wa kuambukiza, awe mtu anaumwa au haumwi. Siku hizi basi, ripoti nzuri inaongeza swali la nne: NI NINI CHANZO?

Anaishije ndani ya asidi? Wanakemia, mtapenda hili. Ana kimeng'enya kinachovunja urea na kutoa amonia. Amonia ni besi, inaizimua asidi inayomzunguka. Wapimaji humnasa kwa hila yake hiyo hiyo: kinyofu huwekwa kwenye kitu chenye urea na rangi ya kutambulisha. Amonia ikitoka, rangi ya njano inageuka kuwa nyekundu. Ni kama litmasi yenu, ila hapa inaonyesha ugonjwa.

WANAFUNZI WATATU

Tuchukue mifano ya kufikirika ya wanafunzi watatu. Wote wanalalamika tumbo linaunguza, ila wa tatu.

Wa kwanza ni msichana wa kidato cha tatu. Kila mwezi siku zake zinamuuma sana. Anameza diklofenaki au aspirini, tena bila kula, mbili asubuhi, mbili jioni. Akitazamwa, ana michubuko kwenye antramu, bakteria hakuna. Chanzo ni vidonge. Dawa hizo hupunguza maumivu, lakini hupunguza pia kinga ya utando. Huyu hahitaji antibiotiki. Anahitaji kuacha kumeza hovyo, na kupata mhudumu wa afya wa kumsaidia na maumivu ya siku zake, ambayo ni tatizo la kweli na si la kuonea aibu.

Wa pili ni mvulana wa kidato cha nne. Mitihani imekaribia, halali, anakunywa chai kavu, anakula mara moja kwa siku. Akitazamwa, utando safi, vinyofu safi. Je, anajifanya? Hapana. Maumivu yake ni ya kweli. Mfuko wa chakula unaweza kufanya kazi vibaya bila kuwa na jeraha. Lakini ukimwambia "una vidonda" utamtia hofu ya bure na kumfunga kwenye dawa.

Wa tatu halalamiki sana. Anachoka tu, anakuwa mweupe viganja, na choo chake ni cheusi kama lami. Wenzake wanasema ni malaria. Huyu ana kidonda kinachovuja damu, na ndiye aliye katika hatari kuliko wote. Asingefika hospitali angeweza kufa, na bado angekuwa ndiye aliyelalamika kidogo kuliko wenzake!

SASA WEWE UFANYE NINI?

Usiondoke hapa ukafikiri kila mwenye kiungulia ameze mpira. Kijana asiye na dalili za hatari mara nyingi hahitaji. Anaweza kupimwa bakteria kwa njia ya choo au pumzi. Kipimo cha damu ni rahisi, lakini kina kasoro: kinaweza kuonyesha tu kwamba bakteria aliwahi kupita, si kwamba yupo sasa. Na kama umekuwa ukimeza omeprazoli au antibiotiki, mwambie mpimaji kabla. Dawa hizo zinaweza kumficha bakteria, ukaambiwa hayupo kumbe yupo.

Ila ukiona moja ya hizi, nenda hospitali, usingoje kesho:

– kutapika damu, au matapishi kama unga wa kahawa;
– choo cheusi kama lami (vidonge vya kuongeza damu navyo hufanya choo kuwa cheusi, mwambie daktari kama unavitumia);
– maumivu makali ya ghafla na tumbo kukakamaa kama ubao;
– kupungua uzito bila sababu, au chakula kukwama kinapomezwa;
– kutapika mfululizo, au kuishiwa damu.

Najua mtaniuliza maswali. Haya ndiyo ninayoulizwa mara nyingi.

"Pilipili inaleta vidonda?" Pilipili inaweza kumuunguza mwenye tumbo lililokwisha kuumia, lakini vyanzo vikuu vya vidonda ni viwili: bakteria na dawa za maumivu za jamii ya aspirini. Pombe nayo huchubua utando, na gongo ni mbaya zaidi kwa sababu hujui kilichomo.

"Rafiki yangu ana dawa za H. pylori, tugawane?" Hapana, hapana, hapana. Matibabu ni mchanganyiko wa antibiotiki na dawa ya kupunguza asidi, mara nyingi kwa siku 14. Mkigawana, wote wawili hamponi, na bakteria wanajifunza kuishinda dawa. Maliza dozi, kisha rudi upimwe uhakikishe wamekwisha.

"Mpira ule hauambukizi?" Ni lazima usafishwe na kutiwa dawa ya kuua vijidudu kila baada ya mgonjwa. Una haki ya kuuliza kama umesafishwa. Kuuliza si utovu wa adabu.

"Nimeambiwa nina vidonda. Niseme nini?" Uliza kwa heshima: "Daktari, limevimba, limechubuka, au lina kidonda? Ni sehemu gani? Ni kali kiasi gani? Vinyofu vimechukuliwa? Chanzo ni nini?" Kama hujawahi kupimwa kwa njia yoyote, basi jina hilo ni la kubahatisha. Usilivae kama sare ya shule.

KUMBUKA

• "Tumbo linauma" ni dalili. Si jina la ugonjwa.
• Kuvimba, mchubuko na kidonda ni vitu vitatu tofauti.
• Ripoti nzuri inajibu: wapi, sura gani, kali kiasi gani, na chanzo ni nini.
• Maumivu makubwa si lazima yawe ugonjwa mkubwa, na kukosa maumivu si lazima iwe uzima.
• Usimeze dawa za maumivu hovyo, hasa tumbo likiwa tupu.
• Choo cheusi au damu katika matapishi: hospitali leo leo.

Vijana, ugonjwa ukipewa jina lisilo lake, unapewa na dawa isiyo yake. Jioni ya leo, ukirudi bwenini, kama yupo mwenzako anayelalamika tumbo kila wiki, usimpe kidonge. Muulize choo chake kina rangi gani, anameza dawa gani, na mara ya mwisho alipimwa lini. Kisha msindikize kwa nesi wa shule.